Kibao cha Namba ni Kauli ya Nani? Kisa cha Texas na Sharti la «Huenda Kikaudhi»

Mwaka 2009, tawi la Texas la chama cha Sons of Confederate Veterans, chama cha wazao wa askari waliopigania majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lilipeleka kwa mamlaka za jimbo hilo mchoro wa kibao cha namba ya gari. Mchoro wenyewe haukuwa na mambo mengi. Juu palikuwa na jina la Texas pamoja na umbo la ramani yake, na katikati namba. Ubavuni iliwekwa nembo ya chama, yaani bendera ya vita ya Kusini, ile nyekundu yenye msalaba wa buluu uliokaa mshazari na nyota nyeupe ndani yake, ikiwa imezungukwa na jina la chama na mwaka 1896 kilipoasisiwa. Chini liliandikwa tena jina la chama, na nyuma yake bendera ileile ilionekana kwa rangi iliyofifishwa, kama alama ya maji kwenye noti. Chama kilitaka kibao hicho kiingizwe katika orodha ya vibao maalumu vya jimbo, ili mwanachama au mtu mwingine aliyependezwa nacho akilipie na kukifunga kwenye gari lake badala ya kile cha kawaida.

Ombi lilikataliwa. Kukataliwa huko kulizaa kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa tarehe 18 Juni 2015 kwa tofauti ya kura moja. Kesi hiyo, Walker dhidi ya tawi la Texas la chama hicho, husomwa zaidi kama kesi ya uhuru wa maoni. Mimi nataka kuisoma kwanza kama kesi ya sharti la kustahili: ni nani anayestahili kupewa kibao maalumu, kwa kipimo gani, na nani anayeshika kipimo hicho.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kushangaa kwamba jambo hili lilihitaji mahakama. Kwetu kibao hutaja hadhi ya gari: STK ni gari la serikali ya Tanzania, GK ni la serikali ya Kenya, CD ni la wanadiplomasia. Ziada pekee iliyozoeleka ni ile namba ya jina, ambayo mtu huilipia ili herufi zisomeke atakavyo. Texas pia wana namba za jina, lakini si hizo zilizokuwa mahakamani. Mgogoro ulihusu aina nyingine, ambayo ndani yake mchoro wa kibao kizima, pamoja na picha na maneno yake, hubeba ujumbe wa kundi fulani, na sehemu ya ada huweza kwenda kwa taasisi iliyokidhamini. Wakati wa hukumu Texas ilikuwa na vibao vya aina hiyo zaidi ya 350.

Sheria ya usafirishaji ya Texas ilitoa njia tatu za kuzaliwa kwa kibao maalumu. Ya kwanza ni Bunge la jimbo lenyewe kuagiza kiundwe. Ya pili ni kupitia kampuni binafsi iliyopewa kazi hiyo na jimbo, ambayo hubuni mchoro kwa ombi la mtu au taasisi, kisha Bodi ya Idara ya Magari huuidhinisha. Ndiyo njia iliyoleta barabarani vibao vya biashara, kikiwemo cha soda ya Dr Pepper. Ya tatu ni taasisi isiyo ya kibiashara kupeleka ombi na rasimu ya mchoro moja kwa moja kwa Bodi, na hii ndiyo iliyotumiwa na wazao wa askari wa Kusini. Kwa sifa za mwombaji hawakuwa na kasoro: walikuwa taasisi isiyo ya kibiashara na walikuwa na rasimu. Kilichowakwamisha ni kifungu kinachoiruhusu Bodi kukataa mchoro ambao huenda ukamuudhi mtu yeyote katika umma.

Kifungu hicho kinafaa kuwekwa kando ya masharti mengine ya vibao katika jimbo hilohilo. Askari mstaafu mwenye ulemavu hupewa kibao chake akithibitisha kwamba ulemavu uliotokana na utumishi wake umekadiriwa kuwa asilimia 50 au zaidi, au asilimia 40 ikiwa ni kwa kukatwa mguu. Aliyejeruhiwa vitani huleta uthibitisho wa nishani ya Purple Heart. Mwendesha redio ya ridhaa huonyesha leseni ya serikali kuu, na alama yake ya mawasiliano ndiyo inayokuwa namba ya gari. Gari la kale linatakiwa liwe na umri usiopungua miaka 25. Katika yote hayo karani wa dirishani hatoi maoni yake, kwa kuwa karatasi ama ipo ama haipo, na mwaka wa gari umeandikwa kwenye kadi. Mtu akikataliwa anajua alichokosa, na akikipata anarudi.

Sharti la kuudhi haliko hivyo. Lina neno «huenda», ambalo halidai kwamba mtu ameudhika bali linatosheka na uwezekano, na lina maneno «mtu yeyote», ambayo hayadai wengi, wala wastani, wala mwenye busara. Likishikwa kwa herufi zake, sidhani kama kuna kibao hata kimoja kati ya vile 350 ambacho kingepita, kwa kuwa hata kile kinachotangaza kwamba dereva angependelea kuwa uwanjani akicheza gofu kinaweza kumuudhi mke ambaye mumewe haonekani nyumbani Jumamosi. Sheria ya namna hiyo haimwambii mwombaji afanye nini ili astahili. Inampa tu mwamuzi ruhusa ya kuchagua.

Chaguo lenyewe halikuwa jepesi. Chombo kilichoitangulia Bodi kilikataa ombi la kwanza, na mwaka 2010 chama kikaomba upya. Bodi ilialika maoni ya wananchi kupitia tovuti yake na katika mkutano wa hadhara, zikaja barua nyingi, zikiwemo za viongozi wa kuchaguliwa waliopinga. Aprili 2011 wajumbe waligawanyika kura 4 kwa 4. Kabla ya kura iliyofuata gavana Rick Perry, aliyekuwa katika mbio za kutaka urais, alitamka hadharani kwamba hakuona haja ya kutonesha vidonda vya kale. Tarehe 10 Novemba 2011 wajumbe wote waliokuwepo walikataa. Sababu waliyoandika ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya umma huihusisha bendera hiyo na makundi yanayoeneza chuki dhidi ya watu wengine na kuwadhalilisha, na kwamba hisia hiyo ina msingi.

Ni muhimu kuona kwamba Bodi yenyewe haikuthubutu kulitumia sharti kwa upana wake. Sheria iliwatosheleza kwa mtu mmoja aliyeudhika. Wao walitafuta watu wengi, kisha wakaongeza kwamba kuudhika kwao ni kwa haki. Walijitungia kipimo chenye akili kuliko walichopewa. Ila kipimo hicho hakikuwa kimeandikwa popote kabla ya ombi kupelekwa, na mwombaji asingeweza kukijua.

Siku hiyohiyo, mezani hapohapo, palikuwa na ombi jingine la kuwaenzi askari, nalo lilikuwa la Buffalo Soldiers, askari weusi ambao vikosi vyao viliundwa mwaka 1866 na kutumwa, pamoja na kazi nyingine, katika vita dhidi ya wenyeji wa asili wa Marekani. Baadhi ya viongozi wa wenyeji hao waliandika kupinga, wakieleza kwamba kwao sare ya jeshi lile la farasi ni kumbukumbu ya kuangamizwa kwa watu wao. Bodi iliidhinisha kibao hicho kwa kura 5 dhidi ya 3. Sidai kwamba bendera ya Kusini na askari weusi wa Marekani vina uzito mmoja, na yeyote anayejua kwamba vita vile vilipiganwa juu ya utumwa hawezi kudai hivyo. Lakini mbele ya sharti lenye maneno «mtu yeyote» viko sawa kabisa, kwa kuwa katika kila ombi palikuwa na watu waliosimama wakasema tumeudhika. Maudhi yalikuwepo pande zote mbili, kwa hiyo hayakuweza kuwa ndiyo yaliyoamua. Kilichoamua ni jinsi wajumbe walivyoyapima maudhi ya huyu na ya yule.

Chama kilifungua kesi kikidai kwamba Bodi imekiuka Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa maoni. Mwaka 2013 mahakama ya wilaya ya shirikisho iliipa Bodi ushindi, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano ikaigeuza hukumu hiyo kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Hoja ya majaji wawili hao ni kwamba mtazamaji wa kawaida huona kibao maalumu kama kauli ya dereva, na serikali haina ruhusa kuizuia kauli ya mtu kwa sababu tu haipendi mtazamo wake.

Mbele ya Mahakama ya Juu shauri lilitegemea swali moja. Ikiwa kibao ni kauli ya dereva, kifungu cha Texas kinaanguka, kwa sababu kukataza maoni kwa kuwa yanaudhi ni ubaguzi wa mtazamo, na hilo ndilo jambo ambalo Marekebisho ya Kwanza hulikataza kwa ukali kuliko mengine. Ikiwa ni kauli ya serikali, kifungu hakiguswi, kwa maana serikali inapojisemea huchagua la kusema na la kunyamazia kama msemaji mwingine yeyote.

Jaji Stephen Breyer, akiandika kwa niaba ya majaji watano, alisema ni kauli ya serikali, na akajenga hoja yake juu ya misingi mitatu. Alianza na historia: Arizona iliweka kichwa cha ng'ombe kwenye vibao vyake mwaka 1917, na mwaka 1928 Idaho ikawa ya kwanza kuandika kaulimbiu, nayo ilikuwa ya kutangaza viazi vyake. Majimbo yamekuwa yakijinadi kwa vibao karibu tangu magari yenyewe yaanze kuenea. Msingi wa pili ni jinsi umma unavyokiona kibao, ambacho kina jina la jimbo kwa herufi kubwa, hutolewa na jimbo, ni lazima kuwa nacho, na hata namna ya kukitupa imepangwa na jimbo. Wa tatu ni udhibiti, kwa kuwa Bodi ndiyo yenye neno la mwisho juu ya kila mchoro, na ilikuwa imekataa michoro isiyopungua kumi na miwili.

Ndani ya maelezo hayo Breyer alitia sentensi chache ambazo kwangu zina nguvu kuliko misingi yote mitatu. Alisema kwamba anayetaka ujumbe wake uwe kwenye kibao, huenda anachotafuta ni kuonekana kwamba jimbo limeukubali. Kama si hivyo, angenunua stika akaibandika kwenye bampa, kwa herufi kubwa zaidi, pembeni mwa kibao hichohicho. Anayepanda daladala au matatu hahitaji ufafanuzi hapa. Maandishi ya kioo cha nyuma, yawe ya kumsifu Mungu, ya kumpiga kijembe jirani au ya kushangilia timu, ni ya mwenye gari au ya dereva. Kibao kilicho chini yake ni cha serikali, na hakuna abiria anayevichanganya hivyo viwili. Chama hakikukatazwa kioo cha nyuma. Kilichotafutwa ni bendera hiyo ikae chini ya jina la Texas, na hapo ndipo Breyer alipoigeuza kesi nyingine ya zamani. Mwaka 1977, katika Wooley dhidi ya Maynard, Mahakama ilisema New Hampshire haiwezi kumlazimisha Shahidi wa Yehova aliyefunika kwa utepe kaulimbiu ya jimbo, isemayo uishi huru au ufe, kuitembeza kwenye gari lake. Kama jimbo halimlazimishi raia kubeba ujumbe wake, alisema Breyer, raia naye halilazimishi jimbo kubeba wa kwake.

Jaji Samuel Alito, kwa niaba ya majaji wanne waliobaki, alijibu kwa mfano unaostahili kusimuliwa. Kaa kando ya barabara kuu ya Texas, alisema, uangalie magari yanavyopita. Kitapita kibao cha Chuo Kikuu cha Notre Dame, kitapita cha Oklahoma, ambao timu yao ni hasimu wa jadi wa Chuo Kikuu cha Texas katika mpira wao wa miguu. Je, utadhani Texas inawashangilia Oklahoma? Likipita gari lenye kibao cha gofu saa mbili na nusu asubuhi siku ya Jumatatu, utaamini kwamba sera rasmi ya jimbo ni kwamba gofu ni bora kuliko kazi? Texas, kwa maneno yake, ina nafasi kwenye mamilioni ya mabango madogo yanayotembea, na inaziuza.

Mfano huo haujibiki kirahisi, na hukumu ya wengi haikuujibu vilivyo. Kama Texas ingekuwa na kibao kimoja, au vitano, dai la Breyer lingesimama bila mashaka. Lakini jimbo lililofungua mlango kwa soda, vyuo vya majimbo mengine na mashabiki wa mbio za magari haliwezi kusema kwa uso mkavu kwamba yote hayo ni maneno yake. Lililifanya ubavu wa kibao kuwa kama kioo cha nyuma cha daladala, likatoza ada, kisha alipokuja mteja lisiyemtaka likakumbuka kwamba kibao ni cha serikali.

Hata hivyo naona matokeo ya kesi yalikuwa sahihi, na sababu imo katika kilichotokea wakati wa kusikilizwa kwa shauri Machi 2015. Wakili wa chama aliulizwa kama, kwa hoja yake, jimbo lingelazimika kukubali pia kibao chenye swastika, alama ya Wanazi. Alikubali kwamba lingelazimika. Huo ulikuwa uaminifu wa kimantiki, lakini ulionyesha kwamba ushindi wake ungeacha njia mbili tu: jina la Texas likae juu ya alama yoyote itakayoombwa, au jimbo lifute vibao maalumu vyote. Njia ya pili isingekuwa msiba mkubwa, nakiri. Lakini kati ya kupokea kila kitu na kuliruhusu jimbo kukataa kuipa muhuri wake bendera ya waliopigania utumwa, sioni jinsi raia mweusi wa Texas, ambaye kodi yake inalipa mshahara wa karani anayetoa vibao hivyo, angeambiwa kwamba jambo hilo halimhusu. Jaji Clarence Thomas, ambaye mara nyingi alipiga kura pamoja na Alito, safari hii aliunga mkono upande wa Breyer bila kuandika lolote, na kura yake ndiyo iliyokamilisha ya tano.

Kinachonisumbua ni kwamba sharti lenyewe halikupimwa. Mahakama ilipoamua kwamba kibao ni kauli ya serikali, maneno «huenda» na «mtu yeyote» yalipita salama bila kuulizwa yana maana gani. Bodi ya kesho, yenye wajumbe wengine na gavana mwingine, inaweza kuyatumia kukataa kibao cha msikiti, cha chama cha wafanyakazi au cha wapinzani wa adhabu ya kifo, na mwombaji hatakuwa na hoja ya Marekebisho ya Kwanza. Dawa ilikuwepo katika sheria hiyohiyo ya Texas. Jimbo lingeweza kuvirudisha vibao maalumu kwenye masharti ya kustahili yanayothibitika: nishani, leseni, ulemavu uliopimwa, umri wa gari, na pale panapohitajika kuenzi kundi, sheria ya Bunge inayolitaja kwa jina, ili aliyekubali na aliyekataa wajulikane kwa kura zao.

Hukumu ilisomwa asubuhi ya tarehe 18 Juni 2015. Usiku uliotangulia, kijana mmoja mzungu alikuwa amewaua watu weusi tisa waliokuwa katika somo la Biblia katika kanisa la Emanuel AME mjini Charleston, South Carolina. Majaji walikuwa wameandika hukumu yao kabla ya hapo, na hakuna neno ndani yake linalotokana na mauaji hayo. Gari la muuaji lilikuwa na kibao cha mbele chenye bendera za Shirikisho la Kusini. South Carolina haidai kibao cha usajili upande wa mbele, hivyo kile kilikuwa pambo lake binafsi, kauli yake mwenyewe, kitu ambacho hakuna bodi iliyokipigia kura.

Siku tano baada ya hukumu, gavana wa Virginia, Terry McAuliffe, alitangaza kuiondoa bendera hiyo kwenye vibao vya jimbo lake. Virginia ilikuwa miongoni mwa majimbo tisa yaliyokuwa yakitoa vibao vya chama hichohicho, nayo ilivitoa kwa kulazimishwa: mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Nne iliamua kwamba jimbo haliwezi kuvinyima bendera. Baada ya kesi ya Texas zuio hilo la mahakama lilifutwa, na wenye magari wakatakiwa kubadilisha vibao.

Mahakama yenyewe haikuendelea mbali katika njia hiyo. Mwaka 2017, katika kesi ya alama za biashara ya Matal dhidi ya Tam, Alito aliandika kwamba kesi ya Texas yaelekea ndiyo mpaka wa mwisho wa dhana ya kauli ya serikali. Mwaka 2022 Breyer mwenyewe aliandika hukumu iliyosema kwamba Boston, iliyokuwa imeruhusu makundi kupandisha bendera zao mbele ya ofisi za jiji bila kumkatalia yeyote kwa miaka 12, haikuweza kudai ghafla kwamba bendera hizo ni kauli ya jiji ili kumkatalia aliyeleta bendera ya Kikristo. Texas iliokolewa na michoro yake kumi na miwili iliyokataliwa. Boston haikuwa na hata mmoja wa kuonyesha.

Namba za jina, ambazo hukumu ya 2015 iliziweka kando, bado zinazigawa mahakama za majimbo. Maryland ilisema mwaka 2016 kwamba herufi anazozichagua dereva ni kauli yake, hata kama zinasomeka kuwa tusi la Kihispania. Indiana ilikuwa imesema kinyume mwaka 2015 katika kesi ya polisi aliyejiandikia mlio wa nguruwe, na Mahakama ya Juu ya Tennessee ikaungana na mtazamo huo wa Indiana mwaka 2025.